Mikunjo ya pua na sindano yake: mwongozo kwa mtu wa Dodoma

"Dada, pauda yako inapasuka," aliniambia mama wa bibi harusi mmoja pale Area C, Jumamosi saa nne asubuhi, kioo cha mkononi kikiwa kimemkaa puani. Pauda haikuwa na kosa. Kila alipocheka, pua yake ilijikunja juu, jirani na macho, na pauda ikazama kwenye mistari mitatu upande huu na miwili upande ule. Nikafuta, nikapaka upya. Akacheka tena, mistari ikarudi palepale.

Napamba maharusi hapa mjini, na tangu watumishi waanze kuhamia Dodoma mwaka 2016 wateja wangu wameongezeka na maswali yao pia. Swali la sindano ya pua, ile ya kulegeza msuli ili mikunjo ipungue ambayo wengi huiita Botox, sasa nalisikia hata kwenye daladala. Mimi si daktari. Nimechomwa mara tatu, mbili zikaenda vizuri, moja ikaniharibia tabasamu, nayo nitaieleza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu wengi wanaanzia hatua ya tano na wengine wanaishia kulia.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mikunjo yenyewe

Simama karibu na dirisha mchana, uso ukiwa umeoshwa. Tazama pande mbili za mfupa wa pua, kuanzia usawa wa kona za ndani za macho hadi katikati ya pua. Sasa kunja pua kama mtu aliyefungua mfuko wa dagaa walioharibika. Mistari ya mshazari inayojitokeza hapo ndiyo tunayoizungumzia. Kwa Kiingereza wameipa jina la sungura, maana sungura akinusa pua yake hujikunja hivyo. Msuli unaohusika unaitwa nasalisi. Umelala juu ya pua kama mkanda mwembamba, na ukijibana, ngozi iliyo juu yake haina pa kwenda ila kukunjamana.

Legeza uso. Mistari ikifutika kabisa, ni kazi ya msuli tu, na hapo sindano hufaa sana. Ikibaki hata ukiwa umetulia, ngozi yenyewe imeshashika mkunjo kama shati lililokaa kwenye begi; sindano itaipunguza, lakini asikudanganye mtu kwamba itaipiga pasi yote.

Usiichanganye na ule mfereji unaotoka pembeni ya tundu la pua kushuka hadi kona ya mdomo. Huo una sababu nyingine na tiba nyingine. Wala usiichanganye na ndita za katikati ya nyusi, ingawa hizi mbili zina undugu: mtu akichomwa ndita pekee, uso wake bado unataka kukunjamana kwa mazoea, basi kazi inahamia puani. Wapo wanaogundua mistari ya pua wiki chache baada ya kuchomwa kwingine. Daktari mzuri hukutazama ukiongea na kucheka, ndipo aamue nini kiende na nini.

Hatua ya pili: tafuta kinachokukunjisha pua

Hatua hii haikugharimu kitu, na ndiyo watu wanayoiruka.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, tena za kubahatisha. Miezi mingine ni jua jeupe na upepo unaokutupia vumbi usoni ukitoka tu Jamatini. Tunatembea tumekunja uso bila kujua. Nenda ukasimame Nyerere Square saa saba mchana utazame sura zinazopita: nyusi chini, pua juu. Miwani ya jua inayofunika vizuri na kofia yenye ukingo vinapunguza mikunjo hiyo kabla ya sindano yoyote. Ongeza losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi. Weusi wetu hauzuii jua kuizeesha ngozi, unachelewesha tu. Kama losheni inakuachia weupe wa unga, tafuta iliyotiwa rangi.

Pili, mafua ya mzio. Mtu anayewashwa pua mwaka mzima huikunja na kuisugua mara mia kwa siku. Tibu mzio kwanza.

Tatu, miwani. Yule mama wa Area C, nilipomwangalia vizuri, kila miwani yake iliposhuka hakuipandisha kwa kidole. Aliikunjia pua ikapanda yenyewe. Asubuhi nzima! Nikamwambia aende kwa fundi wa miwani, akabadilishiwa vile vipira vidogo vya puani na kukazwa miguu ya fremu. Nilipokutana naye baadaye kwenye sherehe nyingine, mistari ilikuwepo akicheka tu, basi. Hajachomwa mpaka leo, na sijaona sababu ya kumshauri achomwe.

Jipe wiki mbili za kujichunguza. Mwambie mume, dada au mwenzako wa ofisini akuguse bega kila anapokuona umekunja pua. Utashangaa.

Hatua ya tatu: ijue dawa yenyewe

Watu wanaita kila sindano ya uso Botox. Hilo ni jina la bidhaa moja. Dawa iliyomo ni sumu ya botulinamu aina ya A, iliyosafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno. Inatoka kwa bakteria walewale wanaoweza kuua mtu kwa chakula cha kopo kilichoharibika. Ndiyo, umesoma sawa. Nasema hivi si kukutisha, bali uelewe kwa nini haichomwi na yeyote aliyejifunza kupitia simu.

Ikiingia kwenye msuli, huziba ujumbe wa neva usimfikie mlengwa. Msuli haufi, unakaa bila amri kwa muda. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Mke na mume madaktari wa Kanada, Jean na Alastair Carruthers, yeye wa macho na mumewe wa ngozi, walichapisha mwaka 1992 matokeo ya kuitumia kwenye ndita, na Marekani ikaiidhinisha kwa ndita mwaka 2002. Baadaye zikafuata sehemu nyingine, kama pembe za macho na paji la uso. Pua haimo kwenye orodha hiyo. Madaktari huitumia hapo kwa uzoefu na kwa hiari yao, jambo linaloruhusiwa kitabibu, lakini unapaswa kuambiwa kabla ya kusaini.

Kiasi ni kidogo: kwa Botox, kwa kawaida yuniti 2 hadi 5 kila upande. Kumbuka kwamba yuniti za bidhaa moja si sawa na za nyingine. Dysport kwa mfano huhesabiwa kwa namba kubwa zaidi kwa kazi ileile. Kwa hiyo mtu akikuambia "kwangu unapata yuniti nyingi kwa bei hiyohiyo," muulize kwanza ni za bidhaa gani.

Matokeo huanza kuonekana siku ya tatu hadi ya tano, hukamilika karibu siku ya 14, na hudumu miezi mitatu hadi minne. Hakuna ya kudumu maisha. Anayekuahidi maisha anakuuzia kitu kingine.

Na kitu hicho kingine kipo: sindano za kujaza. Hizo hutia ujazo chini ya ngozi, na puani zina hatari ya kuziba mshipa wa damu, ngozi kuoza, hata kupofuka. Kwa mikunjo hii hazihitajiki. Ukimsikia mtu anataka "kukujazia" mistari ya pua, chukua mkoba wako.

Hatua ya nne: je, wewe unaruhusiwa?

Usichomwe ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Usichomwe kama una ugonjwa wa neva au misuli kama myasthenia gravis, kama uliwahi kupata mzio wa dawa hii, au kama pua ina jipu, chunusi iliyoiva au maambukizi mahali pa sindano. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe aseme mapema, kwa sababu Dysport hairuhusiwi kwake. Taja dawa zote unazotumia, hasa antibiotiki kama jentamaisini, ambayo inaweza kuzidisha nguvu ya sumu hii. Taja pia kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa pua.

Na mkorogo, taja. Najua hakuna anayekubali anatumia. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na ngozi nyembamba huvilia damu upesi. Daktari hatakucheka.

Hatua ya tano: mchoma sindano

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Mara yangu ya pili sikutaka kusafiri. Nikasikia kuna mtu anakuja mjini mwisho wa mwezi, anachoma kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Alikuja na kibegi cha barafu, bomba za sindano zikiwa zimeshajazwa tayari. Bei yake ilikuwa kwa sura nzima. Sikuona kichupa, sikuulizwa ugonjwa, sikupigwa picha. Akanichoma chini na pembeni, pale pua inapokutana na shavu. Dakika tatu nikawa nimeshalipa.

Siku ya tano nikiwa nampaka mteja rangi ya mdomo, akaniuliza taratibu, "Dada, umepata kiharusi?" Mdomo wangu wa juu upande wa kushoto ulikuwa haupandi nikicheka. Misuli inayoinua mdomo hupita pembeni kabisa mwa pua, na dawa ilikuwa imeifikia. Hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Nilipamba maharusi wiki tisa nikiwa nimevaa barakoa, namba ya yule mtu haipatikani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, pata majibu ya haya.

Ni nani anayechoma? Awe daktari mwenye leseni hai ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na aliyesomea sindano za uso. Muulize amewahi kuchoma pua mara ngapi. Kuchoma paji la uso ni kitu kimoja, na pua, yenye misuli ya mdomo jirani, ni kingine.

Dawa ni ipi na imetoka wapi? Taka kuona boksi na kichupa kabla havijafunguliwa: jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Dawa nchini husimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mwenye mzigo halali hatakasirika ukimuuliza kuhusu usajili wake. Feki zipo hata kwa wenzetu. Mwaka 2024 mamlaka za Marekani zilionya kuhusu Botox bandia iliyowapeleka watu hospitali, na moja ya alama zake ilikuwa boksi lililoandikwa yuniti 150, kiasi ambacho mtengenezaji halisi hatengenezi.

Imehifadhiwaje? Botox na Dysport hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Xeomin, bidhaa nyingine ya dawa hii, huvumilia joto la kawaida la chumbani kabla haijachanganywa. Uliza umeme ukikatika kwenye kliniki hiyo kunakuwaje. Hili kwetu si swali la kejeli. Na usikubali bomba lililojazwa usipokuwepo. Dawa huwa unga, inachanganywa na maji ya chumvi safi ya hospitali, na unapaswa kuona ikichanganywa au angalau ikivutwa kutoka kichupani.

Mdomo wangu ukilegea utafanya nini? Daktari anayejua kazi atakueleza hatari hiyo kabla hujaitaja, na atakuambia atakuangaliaje mpaka ipite. Akijibu "kwangu haiwezi kutokea," shuka kwenye kiti.

Anza kwa kuuliza kwenye hospitali kubwa za hapa mjini kama zina daktari wa ngozi. Hata kama hachomi mwenyewe, atakuambia nani wa kumwamini na nani wa kumkimbia. Madaktari wengi wa ngozi nchini wamepitia kituo cha mafunzo kilichopo KCMC, Moshi, ambacho kilianzishwa mwaka 1992. Ukilazimika kwenda Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024 inakufikisha kwa muda wa takriban saa nne. Ila piga hesabu ya safari mbili: ya kuchomwa, na ya kukaguliwa baada ya wiki mbili.

Hatua ya sita: chagua tarehe

Ukiwa na shughuli, hesabu kuanzia shughuli ya kwanza. Si harusi, ni kitchen party au send-off, maana picha zinaanzia huko. Chomwa angalau wiki nne kabla. Wiki mbili ni za dawa kukamilika, na mbili ni za marekebisho au za alama ya kuvilia kuisha. Kama ni mara yako ya kwanza maishani, mimi nasema miezi miwili. Bibi harusi anayenipigia simu Jumatano kwamba amechomwa jana na harusi ni Jumamosi ananipandisha presha.

Hatua ya saba: siku ya sindano

Nenda bila vipodozi. Aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huongeza kuvilia damu, lakini kama umeandikiwa na daktari kwa moyo au kiharusi, usiache kwa ajili ya urembo. Kula. Watu wanazimia kwa njaa na woga, kisha wanasingizia sindano.

Upigwe picha tatu: umetulia, unacheka, umekunja pua. Piga na zako kwa simu, mwanga uleule. Daktari atakuambia ukunje pua, ataweka alama, kwa kawaida moja kila upande, juu kwenye ubavu wa pua na si chini kwenye mfereji wa shavu. Wengine huongeza tone dogo katikati. Sindano ni nyembamba sana na haiingii ndani, kwa sababu msuli uko karibu na ngozi. Inauma kama kuumwa na siafu, macho yanatoka machozi kidogo, imekwisha. Kipande cha barafu kinatosha. Ganzi mara nyingi haihitajiki.

Usisimamie kuongezewa. Kidogo kinaweza kuongezwa siku ya 14, kilichozidi hakitolewi.

Hatua ya nane: saa na siku zinazofuata

Saa nne za mwanzo usilale wala kuinama kwa muda mrefu. Ushahidi wa sharti hili si mzito, ila halikugharimu kitu. Usisugue pua, usifanyiwe masaji ya uso wala kuvukizwa, acha mazoezi makali hadi kesho yake. Miwani mizito ikae mkononi kadiri unavyoweza siku hiyo. Ukilazimika kuivaa, isibane.

Waislamu huniuliza kuhusu sujudu, kwa kuwa pua hugusa chini. Mteja wangu mmoja alipanga achomwe mara tu baada ya Adhuhuri, akapata nafasi ndefu kabla ya Alasiri, kisha akasujudu taratibu bila kukandamiza. Mweleze daktari wako, atakupangia.

Uvimbe mdogo kama wa mbu unaisha ndani ya saa moja hivi. Kichwa kinaweza kuuma kidogo. Alama ya kuvilia inaweza kukaa wiki moja au zaidi, unaifunika kwa kificha madoa siku inayofuata.

Lakini ukipata shida ya kumeza, kupumua au kuongea, kope zikalegea au mwili ukaishiwa nguvu, hata kama siku kadhaa zimepita, nenda hospitali yenye huduma ya dharura siku hiyohiyo na useme umechomwa sumu ya botulinamu. Ni nadra, na si ya kusubiri asubuhi.

Siku ya 14 rudi ukaguliwe. Kunja pua mbele ya kioo ukilinganisha na zile picha. Ulinganisho wa kichwani haufai, tunasahau sura zetu upesi sana.

Omba kadi au karatasi yenye jina la bidhaa, namba ya toleo, idadi ya yuniti kila upande na tarehe. Iweke pamoja na kadi yako ya kliniki. Mwakani ukiwa kwa daktari mwingine, karatasi hiyo itamwambia mengi kuliko maelezo yako. Usirudie kabla ya miezi mitatu. Kuchomwa mara kwa mara kwa pupa kunaweza kuufundisha mwili kuikataa dawa.

Kwa wasiotaka sindano, na kwa wale wanaosubiri siku zao 14, dawa yangu ni pauda kidogo. Paka losheni kwenye ubavu wa pua, subiri dakika tano inywewe. Gusa fandesheni kwa sponji yenye unyevu, kiasi cha punje ya mchele kwa pua nzima. Kunja pua, futa iliyojaa kwenye mistari kwa kidole kikavu, halafu pauda kwa brashi ndogo, mara moja. Ukicheka ikasogea, irudishe kwa kidole. Usiongeze.